Rangi Pekee Haimtambulishi Nzi Askari

Anayetaka kumtambua nzi askari mweusi, Hermetia illucens, kwa weusi wake atakosea mara nyingi. Mwili mrefu wa milimita 15 hadi 20 na nyayo nyeupe humfanya afanane na nyigu, na weusi huo anao pia nzi mwingine wa familia yake, Stratiomyidae. Njia ya uhakika ni kusoma umbo hatua kwa hatua. Kwanza ni mabawa: nyigu ana manne, nzi ana mawili. Kisha, kwa lenzi, mishipa ya bawa: katika familia hii mishipa mikubwa husongamana kwenye ukingo wa mbele, na katikati huwepo chumba kimoja kidogo. Hapo tumeijua familia tu. Papasi ndefu zenye ncha bapa hutusogeza karibu zaidi, na madirisha mawili yanayopitisha mwanga mwanzoni mwa tumbo huongeza ushahidi. Kila dalili ina ngazi yake, na uzito wa uamuzi uko katika kukubaliana kwa dalili zote.

Mfugaji wa Kenya au Tanzania anayetumia funza wa nzi huyu kugeuza taka kuwa chakula cha kuku anaweza kusema kwamba kwake funza ni funza. La hasha. Funza wa nzi wa nyumbani ni laini, amechongoka mbele na kichwa chake hakionekani. Akikomaa, ataruka kutoka kwenye uchafu hadi kwenye chakula chetu akiwa na vijidudu. Funza wa nzi askari ni bapa, ana kichwa kidogo kilicho dhahiri na ngozi ngumu iliyoimarishwa kwa chokaa. Hata hivyo, umbo hilo ni la familia nzima. Asiye na uhakika wa spishi amlee funza mpaka atoke nzi kamili.

Wengine watasema vipimo vya jeni vimemaliza kazi hii. Vipimo hivyo vina thamani kubwa, lakini hulinganisha sampuli na kumbukumbu zilizotokana na wadudu waliotambuliwa kwanza kwa macho. Jina likikosewa pale, kosa husambaa. Zaidi ya hayo, ndani ya spishi hii moja jeni hutofautiana sana kati ya eneo na eneo. Kwa hiyo kila sampuli inayopimwa ihifadhiwe, pamoja na picha za bawa, papasi na tumbo, ili jina lake liweze kuhakikiwa upya.