Vilele Ambavyo Havikuwepo

Nianze na uamuzi wenyewe, maana ndio ulioharibu kazi ambayo ingebaki na heshima yake. Maabara ya A-Lab huko Lawrence Berkeley, California, ilioka unga wa kemikali kwa siku 17 mfululizo, na mfumo uleule uliopanga majaribio ukaachiwa kusoma michoro ya eksirei na kutamka kwamba jaribio limefaulu. Malengo 58, mafanikio 41. Nature ikazichapisha namba hizo Novemba 2023, na dunia ikaambiwa kwamba roboti imetengeneza kampaundi 41 mpya. Ushahidi uliotolewa haukutosha kuthibitisha nyingi ya hizo, na kosa halikutokea kwenye tanuri. Lilitokea pale mtu alipokubali kwamba usomaji wa mashine unatosha.

Kazi ya mikono ya roboti ilikuwa safi. Kupima, kuchanganya, kuoka na kuchota unga unaonata kila mahali bila binadamu kuingilia ni jambo gumu, na watafiti wa A-Lab walilifanya vizuri.

Sasa turudi kwenye mchoro. Difraksheni ya unga hutoa mstari wenye vilele, na vilele hivyo hutokana na umbali kati ya tabaka za atomu ndani ya fuwele. Pale A-Lab, programu ya kujifunza ilikisia ni fuwele zipi zimo ndani ya sampuli, kisha mbinu ya Rietveld, ikiendeshwa nayo kwa programu, ikahesabu kila moja ina uzito wa asilimia ngapi. Lengo likizidi nusu ya sampuli, mfumo unahesabu ushindi na kuhamia lengo jingine. Likikosa, mapishi yanabadilishwa na tanuri linawashwa tena. Kila hatua inayofuata inategemea usomaji huo mmoja.

Na hapa ndipo ninapogombana nao. Mbinu ya Rietveld haigundui muundo. Unaipa muundo ulioukisia, nayo inausogeza huku na huku mpaka mstari uliohesabiwa ukaribie ule uliopimwa. Ukiipa muundo usio sahihi lakini unaofanana na ule wa kweli, itakurudishia asilimia bila kulalamika. Kinachomwokoa mtafiti ni mstari wa tofauti unaochorwa chini ya mchoro: mtaalamu wa fuwele huutazama huo kabla ya kitu kingine chochote, akitafuta kilele kinachotakiwa kuwepo na hakipo, au kilichopo na hakitakiwi. Michoro ya A-Lab iliyoambatishwa na makala yao ina mistari ya tofauti ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamili angerudishiwa na msimamizi wake.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mpangilio wa atomu. Malengo yote yalitoka kwenye hesabu za kompyuta, na hesabu hizo huiweka kila atomu mahali pake pa kudumu, kwenye halijoto ya sufuri kamili. Tanuri halijui sufuri kamili. Chukua magnesiamu na nikeli. Ioni zao zina ukubwa unaokaribiana mno, nanomita 0.072 kwa 0.069, na kwa sababu hiyo oksidi zao huchanganyika kwa kiwango chochote unachotaka. Ukizipasha moto, entropia inazisukuma zikae ovyo, yoyote popote. Kompyuta inakwambia kuna kampaundi yenye magnesiamu hapa na nikeli pale kwa zamu. Tanuri linakutolea mchanganyiko ambao wanakemia wameujua kwa miongo mingi.

Unazitofautishaje? Chukua ushanga mwekundu na mweupe. Ukiutunga kwa zamu, ruwaza inajirudia kila baada ya punje mbili. Ukiutunga bila kuchagua, ruwaza hiyo haipo, ingawa punje ni zilezile na idadi ni ileile. Katika fuwele, urefu huo mpya wa kujirudia ndio unaozaa vilele vya ziada, vidogo, mara nyingi kwenye pembe ndogo za mchoro. Ioni ya magnesiamu ina elektroni 10, ya nikeli ina 26, na eksirei huzitofautisha bila shida. Kwa hiyo mpangilio ukiwepo, vilele vya ziada vitaonekana. Visipoonekana, huna kampaundi mpya. Una mchanganyiko wa zamani wenye jina jipya, na vilele vikubwa vitalingana na muundo wako uliokisiwa kwa sababu vinalingana na miundo yote miwili.

Robert Palgrave wa University College London alianza kupiga kelele hadharani karibu mara tu makala ilipotoka. Mwaka 2024, pamoja na Leslie Schoop wa Princeton na wenzao, walichapisha uchambuzi kamili katika PRX Energy. Walipitia kampaundi moja baada ya nyingine. Theluthi mbili ya zile zilizotangazwa kuwa mafanikio zilikuwa, kwa maoni yao, michanganyiko isiyo na mpangilio ambayo tayari inajulikana. Nyingine zilikuwa na usomaji mbovu, nyingine muundo usio wake, na chache zilizosomwa sawasawa zilikuwa zimeshaandikwa na watu wengine. Hitimisho lao: hakuna hata moja iliyokuwa mpya.

Gerbrand Ceder, kiongozi wa kundi la Berkeley, alijibu kwamba binadamu anaweza kweli kufanya usomaji bora zaidi wa sampuli zile, lakini lengo lilikuwa kuonyesha uwezo wa maabara inayojiendesha. Jibu hilo silikubali. Kama lengo lilikuwa kuonyesha uwezo wa roboti, makala ingejitosheleza kwa hilo, na ingekuwa makala nzuri. Lakini kichwa chake kilitangaza kampaundi mpya, na aliyetangaza kampaundi mpya anadaiwa ushahidi wa upya. Kasi haiwezi kulipia deni hilo.

Ndiyo maana nawarudia wazee kila mara, na sitaacha. Hugo Rietveld aliijenga mbinu yake kule Petten, Uholanzi, miaka ya 1960, akipima unga kwa nyutroni, kwa sababu vilele vyake vilikuwa vimelaliana na alitaka kutumia kila nukta ya mchoro badala ya kuitupa. Ilikuwa mbinu ya mtu aliyeujua mchoro wake. Dorothy Hodgkin alipiga picha yake ya kwanza ya eksirei ya insulini mwaka 1935 na akatoa muundo wake mwaka 1969. Katikati ya safari hiyo alitatua penisilini na vitamini B12 na kupata Nobeli. Hakuwa mtu wa kuogopa mashine, kwani alizitumia kompyuta za mwanzo kabisa. Lakini kuuelewa mchoro kulibaki kazi yake mwenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na A-Lab ni Bednorz na Müller. Mwaka 1986, pale IBM karibu na Zurich, walikuwa na unga wa bariamu, lanthanamu na shaba ambao ukinzani wake wa umeme ulianguka ghafla kwenye baridi. Waliandika wazi kwamba sampuli yao ina aina tatu za fuwele, mojawapo ikiwa ya familia ya perovskaiti, wakaiita superkondakta inayowezekana, halafu wakaenda kupima tabia yake ndani ya sumaku. Mwaka uliofuata walipewa Nobeli. Walikuwa na ugunduzi mkubwa kuliko wote wa nusu karne katika fani yao, na bado walimwambia msomaji sampuli ni mchanganyiko.

Linganisha na LK-99, kidonda ambacho hakijanipona. Julai 2023, miezi minne tu kabla ya A-Lab, watafiti wa Korea Kusini walidai superkondakta ya joto la kawaida, ukinzani ukianguka kwenye nyuzi 104.8 za selsiasi. Prashant Jain, mwanakemia wa Illinois, alilitambua joto hilo: ndipo salfaidi ya shaba hubadilisha muundo wake. Salfaidi hiyo ilikuwa uchafu uliobaki ndani ya sampuli, na ilikuwa imeonekana kwenye eksirei yao wenyewe. Maabara ya Max Planck ya Stuttgart ilipokuza fuwele safi, ikapata kihami. Jibu lilikuwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo lawama si za Berkeley peke yao. Makala ya A-Lab ilitoka sambamba na ile ya GNoME ya Google DeepMind, iliyotangaza fuwele milioni 2.2, kati yake 380,000 zikiitwa imara. Anthony Cheetham na Ram Seshadri wa Santa Barbara waliipitia orodha hiyo na kukuta maelfu ya kampaundi zenye vipengele vya mionzi kama promethiamu na aktiniamu, ambavyo ni adimu mno kwa matumizi ya kawaida. Waliona ushahidi mdogo sana wa kampaundi zilizo mpya, za kuaminika na zenye manufaa kwa pamoja. Mtu akianza na orodha ya namna hiyo, anashindana kwa idadi, na idadi ndiyo iliyoiponza A-Lab.

Kuna hatua moja ambayo ingebadilisha yote, na ni ya bei nafuu. Kwa kila lengo lenye ioni zinazokaribiana ukubwa, mfumo ungejaribu miundo miwili kwenye mchoro huohuo, wenye mpangilio na usio na mpangilio, na kuhesabu ushindi pale tu vilele vya ziada vinapoonekana juu ya kelele. Kabla ya hapo ungeuliza ICSD, kanzidata ya miundo ya fuwele, kama mchanganyiko huo haujaandikwa, ukitafuta kwa vipengele vinavyobadilishana nafasi na si kwa fomula kamili pekee. Programu inaweza kuyafanya haya yote usiku huohuo tanuri likiwa linapoa. Namba ya mafanikio ingeshuka sana, pengine hadi kwenye tarakimu moja, na kila moja iliyobaki ningeitetea hapa kwa moyo wote.