Mtungi wa Senti 30

Wengi kwetu wanafikiri desturi ni mambo ya vijijini, na kwamba watu wa iniversite walishatoka humo. Tuangalie basi iniversite mbili za Marekani, Michigan na Minnesota, zenye kugombania mtungi wa maji mu mpira wao ule wa kukimbia nao mikononi. Wanauita Mtungi Mdogo wa Kahawia. Haiko mdogo: unaingia galoni 5, karibu sawa na bidon yetu ya litre 20. Tena mwanzoni haukuwa hata wa kahawia.

Ni habari ya tarehe 31 Oktoba 1903, mjini Minneapolis. Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, haikuwa imeshindwa hata mechi moja tangu 1901. Husimuliwa kwamba Yost aliogopa maji ya wenyeji (woga huo wachezaji wa kwetu wanauelewa vizuri), njo akatuma kijana anunue mtungi kwa senti 30. Mechi ikaisha 6 kwa 6, watu wakavamia uwanja mbele ya saa kutimia, wageni wakaenda bila mtungi. Mfanyakazi mmoja, Oscar Munson, akaupeleka kwa mkubwa wa michezo wa Minnesota, L. J. Cooke. Wakaandika juu yake kwamba Oscar ameuteka, wakapaka 6 ya Minnesota kubwa sana na 6 ya Michigan kadogo kabisa.

Hapo tunacheka, na hapo tunasifu. Matokeo hawakuyageuza hata kwa pointi moja. Ukubwa wa tarakimu ndio ulisema yote. Kwamba Yost aliandika barua ya kuudai, akajibiwa aje aushinde, hilo hatulishikilii sana, maana hadithi tamu hupata mapambo njiani. Lakini walipokutana tena mwaka 1909, Michigan ilishinda 15 kwa 6 na kuuchukua, na tangu siku hiyo mwenye kushinda ndiye anaondoka nao. Matokeo ya kila mechi yanaandikwa kwenye mwili wa mtungi wenyewe, kwa hiyo anayeubeba anabeba na aibu zake. Makombe mengi ya fedha hayana ukweli wa namna hiyo.

Manunguniko yetu ni haya: ugomvi umelalia upande mmoja. Kuanzia 1968 hadi 2024, Minnesota ilishinda mara nne tu: 1977, 1986, 2005 na 2014. Kati ya 1987 na 2005 mtungi ulikaa Michigan karibu miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ulipoondoka Minnesota alikuwa tayari na umri wa kuingia iniversite uliporudi. Hata hivyo kushindwa hakuui desturi. Hao bazee wa Minnesota waliendelea kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa sehemu ya mchezo.

Kinachotuuma zaidi ni kalenda. Shirikisho lao, Big Ten, lilifikia ekipe 18 mwaka 2024, kwa sababu ya makuta ya televisheni. Likachagua mechi chache za kulindwa kila mwaka. Michigan na Ohio State wamo, Minnesota na Wisconsin wamo. Mechi ya mtungi haimo. Mwaka 2024 Michigan ilishinda 27 kwa 24, pointi tatu tu, na 2025 hawakukutana. Sisi tungeona heri wacheze walau kila miaka miwili, mara Minneapolis, mara Ann Arbor, hata kama kuna mechi nyingine ya kutolewa ili ile ipate nafasi.