Kumwandikia Mwenzio

Upo ufundi unaotutoka hapa Uvira pasina mtu kuulilia, nao ni ufundi wa kuwaandikia watu barua. Zamani, karibu na soko la Mulongwe, hakukosekana mzee aliyeketi nyuma ya meza ndogo, karatasi zake kazigandamiza kwa jiwe kwa ajili ya upepo wa ziwani, na mbele yake mama muuza ndagala aliyekuja kumpelekea mumewe habari Kalemie, au nduguye Kigoma, kwa mkono wa mabaharia wa Kalundu. Siku hizi kila mtu huisemea simu yake akiwa njiani, na aghalabu jioni hakumbuki alilolisema asubuhi. Tena vijana huona ajabu wakiambiwa kwamba walikuwapo watu walioipata riziki yao kwa kusikiliza maneno ya wengine na kuyatia katika wino.

Miongoni mwa makatibu hao alikuwapo mmoja niliyependa kumtazama, ambaye watu walimwita Mwalimu ingawa hakupata kushika chaki. Hati yake ilikuwa safi, na salamu zake ndefu kama ilivyopasa, lakini hayo hata mwanafunzi aliyelelewa vema angeyaweza. Fahari ya kazi yake ilikuja baadaye, pale alipoilaza kalamu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamsomea mwenye barua barua yake kuanzia salamu hadi sahihi, polepole, akitua kila baada ya habari na kuuliza: "Mama, ni vile ulisema?" Siku moja mama mmoja alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na wavu wangu, Mwalimu, umeuweka wapi?" Maana alikuwa ametaja wavu ulioibwa, naye katibu, kwa kuona kwamba habari ya wavu ni ndogo mbele ya habari ya msiba, alikuwa ameiruka. Hakubishana naye, wala hakuuchomeka wavu pembeni mwa ukurasa. Aliichana karatasi, akatwaa nyingine kwa gharama yake mwenyewe, akaanza upya, kwa kuwa barua ilikuwa ya mama, na ajuaye uzito wa wavu ni yule aliyeununua.

Ufundi huo, kama nionavyo, ulitufikia pamoja na Kiswahili chenyewe na misafara ya Ujiji, ukaendelea katika misheni na ofisi za Wabelgiji. Lakini sitaki kukawia katika tarihi hiyo, kwa maana lililonikumbusha Mwalimu ni kitabu cha maisha ya mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo ni Andrée Blouin, aliyezaliwa mwaka 1921 kijijini Bessou, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa mama Mwafrika, Josephine Wouassimba, na baba Mfaransa ambaye, mtoto alipotimiza miaka mitatu, alimtia katika makao ya watawa huko Brazzaville, walikofichwa watoto wa asili mbili. Mwaka 1946 mwanawe René, naye ana miaka miwili tu, alifariki kwa malaria, kwa sababu kwinini ilikuwa dawa ya Wazungu, na mtoto ambaye robo ya damu yake ilikuwa ya Kiafrika hakuhesabiwa miongoni mwao. Msiba huo ndio uliomtia katika siasa. Mwaka 1958 alikuwa Guinea katika kampeni ya Sékou Touré ya kuikataa katiba ya de Gaulle, na hatimaye akajuana na viongozi wa Parti Solidaire Africain, chama cha Kongo cha akina Antoine Gizenga na Pierre Mulele.

Jina la Mulele halihitaji kuelezwa Uvira. Wazee wetu huhesabu miaka kwa "wakati wa Mulele", na Mei 1964, mji huu ulipoanguka mikononi mwa waasi, hilo ndilo jina walilolipigia ukelele wakienda vitani, ilhali mwenyewe yuko mbali, akiongoza uasi wake huko Kwilu. Lakini mwanamke aliyeizunguka Kwilu hiyo hiyo mwaka 1960, akiwakusanya wanawake kwa maelfu na kuwahutubia juu ya kusoma, juu ya afya, na juu ya haki yao ya kuwa raia, nani humtaja? Uhuru wa Kongo ulipofika, waziri mkuu Lumumba alimfanya mkuu wa itifaki, na magazeti ya ng'ambo yakaunganisha majina yao kwa kejeli, Lumum-Blouin, yakamzushia uhawara na ukomunisti kwa pamoja. Mwaka huo huo haukwisha kabla hajafukuzwa nchini.

Kitabu chake, My Country, Africa, kilitoka mwaka 1983, kwa Kiingereza, naye ni msemaji wa Kifaransa. Aliyemsikiliza na kuandika ni Mmarekani, Jean MacKellar. Blouin hakuridhika nacho hata akataka sheria ikizuie, nacho kikatoka hivyo hivyo, na chini ya jina lake kimepachikwa "Pasionaria Mweusi", yaani lakabu ya Dolores Ibárruri wa Hispania, kana kwamba mwanamke wa Afrika hajulikani mpaka apimwe kwa wa Ulaya. Simtupii MacKellar lawama zote, kwani pasipo yeye huenda tusingekuwa na hata hicho. Lakini kila nikifungua kurasa zake, zenye moto na zenye uchungu, hujiuliza ni wavu gani ulioachwa nje. Blouin mwenyewe alifariki Paris mwaka 1986. Kitabu kilichapishwa tena mwaka 2025, safari hii kikiwa na maneno ya binti yake, Eve. Pwani yetu hii sijakiona kwa Kiswahili.

Wala desturi hiyo ya kuandika maneno ya mtu bila kumwachia neno la mwisho haikukoma kwake. Katika mji wetu, ambao tangu 1996 haujapata raha ya kudumu, wageni wengi wamekuja na vinasa sauti, wakawakalisha akina mama wa Kavimvira na Kalundu, wakawauliza habari za waliouawa na za mashamba yaliyoachwa, wakajaza fomu, wakaaga kwa adabu. Ripoti hutoka baadaye, katika mji mwingine, kwa Kiingereza au kwa Kifaransa cha ofisini, na mama aliyesema hukaa miaka asijue amesemeshwa nini ndani yake.