Kadenge na Mpira

Ogwedhi, huku Migori inakopakana na Trans Mara, ni nchi ya klabu ya soka ya Gor Mahia. Kumsifu mtu wa wapinzani wao AFC Leopards, yaani Ingwe, mbele ya wazee wa hapa kunahitaji moyo. Ila yuko mmoja anayesifiwa bila mtu kununa: Joe Kadenge. Alikuwa nyota kabla Gor haijaundwa mwaka 1968, na labda ndiyo sababu.

Alizaliwa 1935, akachezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoanzishwa 1964 na ambayo leo ni AFC Leopards. Wengi wa huku hawakumwona hata siku moja. Walimsikia. Leonard Mambo Mbotela alipotangaza mechi redioni, maneno yalikuwa yale yale: Kadenge na mpira, Kadenge na mpira! Mtangazaji hurudia jina kwa sababu mpira haujamtoka mtu mguuni. Sijui takwimu iliyo bora kuliko hiyo.

Kukaa na mpira hivyo huhitaji chenga, na chenga ni kazi ya subira kuliko mbio. Mwenye mbio huusukuma mpira mbele akaufukuza, na beki mzoefu humkatia njia tu. Fundi huugusa kidogo kila hatua, usimwache hata kwa unyayo mmoja, naye humtazama beki magoti wala si macho. Beki hawezi kuugawa uzito wake sawasawa muda wote. Lazima kuna wakati utauangukia mguu mmoja, na mguu huo hauinuki upesi. Mpira hupitishwa upande huo huo. Ukiharakisha, beki bado ana miguu miwili. Ukichelewa, ameshajipanga upya.

Jioni, watoto huku huyajaribu hayo kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba. Mpira huo haudundi wala haubingiriki mbali, basi mguu hujifunza kuubembeleza badala ya kuupiga teke.

Kadenge alikuja kuinoa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, mwaka 2002, akafariki tarehe 7 Julai 2019. Filamu za enzi zake ni haba. Kama una mzee aliyemwona uwanjani, mketishe leo, umuulize Kadenge alianza chenga kwa mguu upi, na umrekodi kwa simu yako.