Maji Yakishiba

Alfajiri ndiyo saa ya hatari bwawani. Usiku kucha samaki wamekuwa wakivuta oksijeni iliyomo majini, na mwani nao unavuta hiyo hiyo, kwa sababu bila jua hauwezi kutengeneza nyingine. Kufikia saa kumi na moja, oksijeni iliyobaki huwa kidogo kuliko wakati wowote. Ndiyo maana mfugaji anayeijua kazi yake hakimbilii bata, hata kama wao ndio wanaopiga kelele. Anapita kwanza juu ya kingo za bwawa, polepole, akitazama kama perege wamekuja juu wanahema midomo wazi. Wakiwa wametulia chini, siku imeanza vizuri. Wakiwa juu, anafungua mfereji maji mapya yaingie, na siku hiyo hakuna pumba wala mbolea.

Ufundi huu wa kufuga bata juu ya bwawa la samaki nimeutazama zaidi katika vijiji vya chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako maji ya mlimani hushushwa kwa mifereji hadi mashambani. Si mbali sana na hapo kuna kituo cha serikali cha Kingolwira, kinachozalisha vifaranga vya samaki. Wachina wamefuga bata na samaki pamoja tangu zamani, na mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Banda la bata husimamishwa kwa nguzo juu ya maji, sakafu yake ni fito zilizoachiwa nafasi. Kinyesi kinadondoka bwawani kinarutubisha mwani, mwani unalisha vijidudu, na perege anakula vyote viwili. Pumba na mashudu yanayomwagika mdomoni mwa bata hayapotei, samaki wanayasubiri chini. Mfugaji ananunua chakula mara moja, kinaliwa mara mbili.

Kuueleza ni rahisi. Kuuendesha kila siku ndiko kunakotaka mtu. Bwawa la mita 10 kwa 20 linatosha bata 10 hadi 20. Ukiwazidisha, mwani unakuwa mwingi kupita kiasi, nao ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na asubuhi moja unakuta samaki wote wanaelea. Basi mfugaji ajuaje kwamba kinyesi kimetosha? Mama mmoja ninayemheshimu sana kwa kazi hii hana kipimo chochote cha dukani. Anapiga goti ukingoni, anakunja mkono wa gauni, anauzamisha mkono wake taratibu huku kiganja kimefunguka. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kiwikoni, maji ni mazuri. Kikipotea mapema, maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, mbolea imezidi. Na kama bado anaviona vidole wakati maji yamepita kiwiko, bwawa lina njaa. Kabla ya hapo lakini huangalia rangi, kwa sababu tope nalo linaficha mkono. Anachotaka ni kijani cha jani changa la mgomba. Kahawia ya tope haimdanganyi.

Siku moja nilimkuta amewafungia bata kwenye ua wa nchi kavu, nikamwuliza, "Shikamoo mama. Mbona leo wamezuiwa?"

"Marahaba mwanangu. Leo maji yameshiba. Ukimlisha aliyeshiba unamwumiza."

Hata siku za kawaida bata hawatoki mapema. Wengi hutaga usiku au alfajiri, na bata aliyefunguliwa kabla hajataga atadondosha yai majini au vichakani, likawa la kenge. Kwa hiyo banda linafunguliwa kama saa tatu asubuhi, mayai yakiwa yameshaokotwa kwenye majani makavu. Wakishuka majini, kazi yao inaonekana kwa macho: wanachokonoa chini na kuirudisha juu rutuba iliyolala kwenye matope, wanakula magugu, viluwiluwi na konokono. Konokono wengine wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo kupungua kwao ni heri kwa watoto wa kijiji, ingawa bata peke yake si kinga. Uharibifu wa bata nao mama huyo anaujua. Wanachimba kingo mpaka zinabomoka, hivyo ameziotesha ukoka na kuweka uzio wa fito, bata wapitie mlango mmoja tu. Tena wanameza samaki wadogo. Kwa hiyo vifaranga vya samaki hukuzwa pembeni, kwenye kibwawa chao, mpaka wafike kama sentimita 10 ndipo wahamishwe.

Kazi ninayoistaajabia kuliko zote ni ya kuchagua madume. Perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, kwa hiyo wengi wanapona. Baada ya miezi michache bwawa limejaa visamaki visivyokua, vinagombea chakula kile kile. Dawa yake ni kufuga madume watupu, ambao pia hukua haraka zaidi. Mama huyu anamshika samaki kwa mkono uliolowa, anampindua tumbo juu, anatazama nyuma ya tumbo. Dume ana vitundu viwili, jike ana vitatu, na kile cha tatu ni kama mstari mdogo uliolala kwa upana. Samaki mwenyewe hazidi uzito wa yai, anapapatika, na wako mamia wanaosubiri. Wapo wanaopaka wino kidogo ili vitundu vionekane vizuri. Yeye anatumia macho na jua la asubuhi, na samaki anarudi majini kabla hajachoka. Jike akimponyoka mara moja moja, kambale wachache anaowatia baadaye, perege wakishakua, wanakula watoto wake.

Siku chache kabla ya kuvua, bata wanahamishwa na maji mapya yanaingizwa mfululizo, samaki wapoteze ladha ya tope. Wakishauzwa, bwawa linakaushwa, matope yanakwenda kwenye mchicha na migomba, ardhi inapigwa jua na kunyunyiziwa chokaa.

Siku hizi bwawa la bata na samaki linanadiwa kama mradi wa faida ya haraka: bata kadhaa, vifaranga kadhaa, miezi sita, fedha. Hesabu hiyo haimtaji mtu wa saa kumi na moja alfajiri, naye ndiye mradi wenyewe. Wewe unayepanga kuchimba lako mwaka huu, usianze na jembe wala na bei ya vifaranga. Mtafute mfugaji mzoefu wa karibu nawe, umwombe akuruhusu utembee naye kingoni kila alfajiri kwa msimu mmoja, na umlipe kama unavyomlipa mwalimu.