Wachongaji wa Sarafu za Syracuse
Sarafu za Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily, zilifikia kilele cha ufundi mwishoni mwa karne ya 5 KK. Athens ilikuwa na migodi yake ya fedha huko Laurion, lakini bundi wa sarafu zake alibaki karibu vilevile kwa vizazi. Wafanyabiashara walimwamini, na hilo lilitosha. Syracuse ilitaka uzuri pia. Fundi alichonga picha kinyume kwenye muhuri wa metali wenye upana wa sarafu tu, kisha kipande cha fedha kikawekwa kati ya mihuri miwili na kupigwa nyundo. Wachongaji Kimon na Euainetos walitia majina yao kwenye kazi hiyo, jambo adimu kwa mafundi wa sarafu. Dekadrakma zao, yaani sarafu za drakma kumi, za gramu 43 hivi, zina kichwa cha mwanamke kilichozungukwa na pomboo, na upande wa pili wa sarafu gari la farasi wanne, Nike, mungu wa kike wa ushindi, akiruka kumvika dereva taji. Kimon alithubutu zaidi: kwenye tetradrakma, sarafu ya drakma nne, alimchonga Arethusa, nimfa wa chemchemi ya Syracuse, akitazama mbele, nywele zikielea kama zimo majini. Uso wa namna hiyo huchakaa upesi, kuanzia puani. Hata hivyo Larissa, mji wa Thessaly, uliuiga.