Mtaalamu, Kijiji na Ghala la Mbali

Katika mijadala ya matawi na insha za vijana wa vyuo, suala la wataalamu kuhamia nchi za nje huhitimishwa kwa neno moja: usaliti. Wasemao hivyo hutegemea mfano alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1964, wakati wa Mpango wa Miaka Mitano. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, ni msaliti.

Mfano huo ni sahihi. Kasoro imo katika kuusoma nusu. Mna pande tatu ndani yake: msafiri, kijiji kilichomtuma, na ghala la huko mbali. Anayemlaumu msafiri peke yake hafanyi uchambuzi, anahubiri.

Kwanza tulitazame ghala, kwa ushahidi wa Ngorongoro. Mwaka 1913, enzi ya ukoloni wa Kijerumani, Hans Reck alichimbua mifupa ya binadamu katika Bonde la Oldupai, ikapelekwa Ujerumani. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua hapo fuvu la Zinjanthropus. Nalo lilitoka nchini kwa uchunguzi, likarejea mwaka 1965 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa.

Tangu hapo Watanzania wenyewe wamekuwa mabingwa wa elimu hiyo. Hata hivyo Charles Musiba, mtafiti wa Laetoli, amefundisha Chuo Kikuu cha Colorado Denver, na Jackson Njau, mtafiti wa Oldupai, Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Je, hawa ni watoro? La. Wamerudi mara nyingi kufanya utafiti katika ardhi ileile. Neno usaliti halielezi lolote hapa. Fuvu limerudi, lakini sehemu kubwa ya maabara na fedha za utafiti imebaki ng'ambo, na fundi hufuata zana zake. Huo ndio ukoloni mamboleo: malighafi kwetu, thamani kwao.

Pili, tukitazame kijiji, yaani sisi wenyewe. Machi 2017 Serikali ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Mpango huo ulipopingwa mahakamani huko Kenya, mwezi Aprili ikaamuliwa kwamba 258 walioomba nafasi hizo waajiriwe nyumbani. Madaktari hao hawakuwa wamekimbia. Walikuwa hapa hapa, wamekwisha kula chakula cha kijiji, wako tayari kubeba mzigo, ila hawakuwa wamepewa kazi. Wakati huohuo mfugaji wa Endulen na mkulima wa Karatu walihitaji tiba. Hapo Karatu ipo hospitali ya FAME, iliyoanzishwa na Wamarekani, ambayo pamoja na watumishi wake Watanzania hupokea madaktari wa kujitolea kutoka nje. Anayejitolea tumshukuru. Lakini taifa linalojitegemea haliwezi kuacha tiba ya wananchi wake itegemee hisani.

Wako pia wanaodai kwamba fedha zinazotumwa nyumbani na walioko nje zinafidia hasara hii. Fedha hizo huisaidia familia, na ni jambo jema. Lakini hazisimami darasani badala ya mwalimu, wala hazimpasui mgonjwa badala ya daktari.

Kwa hiyo basi, makada na wanafunzi hatuna budi kudai mambo mawili. Mosi, kila mpango wa kusomesha wataalamu uambatane na mpango wa nafasi za kazi, nyumba na zana, hasa vijijini. Kusomesha bila kuajiri ni kumwandalia tajiri mtumishi kwa gharama ya maskini. Pili, nchi tajiri zinazowachukua wataalamu wetu zishiriki kulipa gharama za kuwafundisha. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya wa nchi nyingine ni za hiari, na hiari ya mwenye nguvu haimlindi mnyonge.

Msafiri anadaiwa, na deni lake halifutiki. Lakini kijiji kinachomdai lazima kiwe kimemwandalia mahali pa kuutua mzigo.